Kusadikika Kwanza, Mordor Baadaye

Limezagaa miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili, na hata miongoni mwa baadhi ya walimu wa fasihi, dai kwamba anayetaka kusoma riwaya za fantasia au bunilizi ya kisayansi hana budi kwenda kuzitafuta katika Kiingereza, kwa sababu Kiswahili hakina vitabu vya aina hiyo, na vile viwili vitatu vinavyotajwa ama ni vya watoto ama ni vigumu kiasi cha kumchosha msomaji kabla hajafika mbali. Dai hili halisemwi kwa ubaya. Hutolewa kwa upole, kama ushauri, na ndiyo maana limeishi muda mrefu bila kupingwa. Kijana akiuliza asome nini, anatajiwa The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien, riwaya iliyotoka kati ya mwaka 1954 na 1955 ambamo mtawala wa Mordor, nchi ya giza, anataka kuitia dunia nzima mkononi mwake. Anaongezewa vitabu vya Harry Potter vya J. K. Rowling na Foundation ya Isaac Asimov. Kisha anaambiwa kwa masikitiko kwamba upande wa Kiswahili bado kuna ukame. Ushauri huo ni mbovu. Si kwamba vitabu hivyo ni vibaya, la hasha. Ubovu wake ni kwamba anayeutoa hajaitazama rafu iliyo nyuma ya mgongo wake, au ameitazama kwa macho aliyopewa na mtihani.

Inafaa istilahi mbili ziwekwe sawa kwanza, kwa kuwa sehemu kubwa ya mkanganyiko huzaliwa hapo. Fantasia ni masimulizi yanayosimamisha ulimwengu au nguvu zisizokuwepo na kuzitendea kama kitu halisi chenye kanuni zake, hata msomaji akakubali, kwa muda wa kusoma, kwamba huko ndiko mambo yanavyokwenda. Bunilizi ya kisayansi hufanya kazi iliyo karibu na hiyo, ila huanza na jambo jipya ambalo akili yenye kufuata sababu inaweza kulikubali hata kama halijatokea: chombo kinachofika nyota nyingine, mashine inayofikiri, jamii iliyopangwa kwa namna ambayo binadamu hawajawahi kuijaribu. Darko Suvin, mhakiki aliyeipa tanzu hii nadharia yake mashuhuri zaidi katika miaka ya 1970, alisisitiza kwamba thamani ya jambo hilo jipya imo katika kumfanya msomaji aigeukie dunia yake mwenyewe na kuiona kama ngeni. Hakuna mahali popote katika maelezo hayo panapodai mazimwi yenye mabawa, mapanga yenye majina, wala roketi zenye michoro ya kihandisi. Hayo ni mapambo ya shule moja ya uandishi, nayo yamechukuliwa kimakosa kuwa ndiyo tanzu yenyewe.

Kwa vipimo hivyo, kitabu cha kwanza kinachostahili kuwekwa mbele ya kijana yule kilichapishwa mwaka 1951, miaka mitatu kabla ya juzuu ya kwanza ya Tolkien, na mwandishi wake ni Shaaban Robert. Kusadikika ni nchi iliyo angani. Humo Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kueneza uanasheria, yaani elimu ya sheria na utetezi, katika dola iliyozoea mashtaka kwenda yenyewe bila kujibiwa. Anapopata nafasi ya kujitetea, hakani wala haombi radhi. Anatumia siku sita mfululizo kulisimulia baraza habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyo hapo nyuma, wanne wakaelekea pande nne, mmoja akapanda mbinguni na mmoja akashuka ardhini. Kila mmoja alipata taabu njiani, kila mmoja alirudi na mashauri ya manufaa, na kila mmoja aliishia kifungoni. Mbinu hiyo ni kali kuliko inavyosifiwa: mshtakiwa hana silaha ila hadithi, na dola inayoketi kumhukumu ndiyo iliyowafunga wahusika wa hadithi hizo, kwa hiyo kila siku inayopita kesi inazidi kuwageukia waamuzi wenyewe. Mpenzi wa tamthilia za mahakama, au wa riwaya za fitina za ikulu ambazo zimejaa katika fantasia ya Kiingereza, atajikuta nyumbani.

Kwa nini basi kitabu hiki hakitajwi? Jibu liko darasani. Vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Tanzania na Kenya wamekisoma Kusadikika kwa kupitia miongozo, vile vijitabu vinavyochambua dhamira, maudhui, wahusika na mbinu za lugha ili mtahiniwa asipotee, na katika miongozo hiyo nchi ya angani hubadilishwa mara moja kuwa Tanganyika ya wakoloni, Majivuno akawa mtawala dhalimu, Karama akawa mtetezi wa haki, na suala likafungwa. Mwanafunzi anatoka shuleni akijua kila kitu kinasimama badala ya nini, lakini hakumbuki tena kwamba nchi hiyo inaelea juu ya ardhi na kwamba kwa watu wake ardhi ni mahali pa mbali, pa kutumiwa mjumbe. Anapoulizwa miaka kumi baadaye kama Kiswahili kina fantasia, anajibu hapana kwa moyo mweupe. Hadanganyi, hakuwahi kuisoma kama fantasia.

Hapa ndipo mtetezi wa dai lile huleta hoja yake nzito zaidi, nayo haistahili kupuuzwa. Husema kwamba Kusadikika si fantasia bali ni istiara, yaani hadithi ambayo kila kipande chake kinawakilisha kitu kingine kilicho nje yake, na kwamba ulimwengu wa istiara hauna uhai wake wenyewe kwa kuwa ni pazia tu. Pazia likivutwa, kilichobaki ni siasa. Anaweza hata kumwita Tolkien mwenyewe kuwa shahidi, kwa sababu Tolkien alieleza, katika dibaji ya toleo la pili la riwaya yake, kwamba hakuipenda istiara na hakutaka kitabu chake kisomwe kama habari ya vita vya pili vya dunia vilivyovishwa nguo nyingine. Hoja hii ina uzito, lakini inakwama mahali pawili.

Kwanza, inathibitisha kupita kiasi. Kama istiara inakitoa kitabu katika tanzu hii, basi Safari za Gulliver inatoka, kwa maana vijitu vya Jonathan Swift ni wanasiasa wa Uingereza wa karne ya 18. The War of the Worlds ya H. G. Wells, ya mwaka 1898, nayo inatoka, kwa maana sura yake ya kwanza inawataka wasomaji wa Kiingereza, kabla ya kuwalaumu viumbe wa Mirihi, wakumbuke jinsi Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Hakuna mpenzi wa bunilizi ya kisayansi atakayekubali kumtoa Wells. Sheria ambayo inamfukuza Shaaban Robert na kumbakiza Wells si sheria ya fasihi.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, istiara ikipimwa kwa makini haikitoshi kitabu. Ikiwa Kusadikika ni Tanganyika tu, basi ardhi anayoshukia yule mjumbe wa sita ni nini? Ikiwa wajumbe ni wapigania haki tu, kwa nini wapangwe kwa dira, pande nne kisha juu kisha chini, kana kwamba mwandishi anachora ramani nzima ya ulimwengu wake na kuhakikisha hakuna upande usioguswa? Ramani hiyo haihitajiki kwa siasa. Hoja ya siasa ingetimia kwa wajumbe wawili. Inahitajika kwa ulimwengu. Mwandishi aliyekuwa na pazia tu mkononi asingejisumbua kulishona hadi pembe ambazo hakuna atakayezitazama. Ukweli ni kwamba kitabu ni vyote viwili, na kinachofaa kupendekezwa kwa msomaji mpya ni kile kilichofichwa na miongozo, kwa kuwa kile kingine ameshakipata shuleni kwa nguvu.

Dai kwamba utamaduni wa kubuni ulimwengu mwingine ni mgeni kwa Waswahili ni dhaifu zaidi, na lisingestahili jibu refu kama halingerudiwa mara kwa mara. Tendi za pwani zimejaa vita dhidi ya mazimwi na majini. Fumo Liyongo wa masimulizi ya kaskazini mwa pwani ana mwili usiodhurika ila kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na siri hiyo ndiyo inayomwua kwa mkono wa mwanawe. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London ngano alizokusanya Unguja, na mojawapo, ile ya Sultani Majinuni, inatosha peke yake kuonyesha fantasia ya Kiswahili ilivyokuwa na meno. Sultani ana paka. Paka anakula ndama, watu wanakuja kushtaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka anakula mbuzi, jibu ni lile lile. Mnyama anazidi kukua, anapanda kutoka mifugo hadi watoto wa watu, na bado mwenye mali anaendelea kumtetea kwa hoja ya umiliki, mpaka mnyama anapowaua wana wa sultani mwenyewe; hapo ndipo anapokiri kwamba huyo si paka tena, ni nunda mla watu. Kisha anatoka mwana mdogo kwenda kumwinda, na kila mara anapoleta mnyama mkubwa aliyemwua, mama yake anamwambia kwamba huyo siye. Mtu anayedai kwamba fantasia haina la kusema kuhusu dola aisome ngano hii, kisha aieleze upya bila nunda, aone kinachobaki.

Hata shule ya kikoloni, ambayo haikuwa na nia ya kukuza njozi za Waafrika, ilizijaza rafu za Kiswahili vitabu vya ajabu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Alfu Lela u Lela ilikuwa imekwisha kutolewa kwa Kiswahili sanifu. Mwaka 1929 ikatoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya H. Rider Haggard, Gulliver akafuata, na mwaka 1940 Elisi akaingia Katika Nchi ya Ajabu. Uteuzi huo una kasoro zake, hasa Haggard, ambaye Afrika yake ni uwanja wa Wazungu kutafutia almasi. Lakini jambo moja haliwezi kukanwa: msomaji wa kwanza kabisa wa Kiswahili sanifu alilelewa na majini, vijitu na malkia wa karata, na Shaaban Robert aliyeandika Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, alikuwa anaandikia watu waliokwisha kuizoea ladha hiyo. Uhalisia, yaani uandishi unaojifunga kwenye mambo yanayoweza kutokea katika maisha ya kawaida, ndio uliochelewa kuja. Ulipokuja, ukapewa kiti cha mbele, na wageni wakaanza kuitwa wenyeji.

Kuna wanaokubali yote hayo na bado wakaidharau tanzu yenyewe kwa kusema ni ya kukimbia matatizo. Tolkien alikwisha kuijibu lawama hiyo katika mhadhara wake wa mwaka 1939 kuhusu hadithi za ajabu, alipotofautisha mfungwa anayetoroka gerezani na askari anayekimbia vita, na kushangaa kwamba wahakiki huwachanganya. Katika fasihi ya Kiswahili jibu limeandikwa kwa maisha. Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alichapisha Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake Dzombo amehukumiwa kufa, na adhabu yenyewe ni kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani asirudi. Lakini anafaulu kukiendesha kile chombo kilichokusudiwa kuwa jeneza lake, na anafika katika dunia nyingine ambako watu wanaishi kwa usawa. Mwandishi aliyejua kifungo ni nini anampeleka mfungwa wake angani, na angani humkuti mahali pa kusahau. Unamkuta Dzombo akilazimika kueleza kwa wenyeji wasioelewa ni kwa vipi huko alikotoka mtu mmoja anaweza kuwa na kila kitu na jirani yake akakosa chakula. Kuuita huo ukimbizi ni kutoisoma riwaya.

Inashangaza kidogo, au pengine haishangazi, kwamba mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili zilizotafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Marekani mwaka 2023 kwa jina No Edges ulichukua sehemu ya Walenisi bila kusita. Msomaji wa mbali alipata safari ya angani, na msomaji wa Mombasa anaambiwa kwamba hicho ni kitabu cha siasa.

Yapo makosa ya upande wa pili vilevile, na hayo hufanywa na wapenzi wa fasihi wenyewe. Mtu akikubali kwamba Kiswahili kina riwaya za ajabu, mara nyingi hukimbilia kupendekeza Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, na Mzingile iliyofuata mwaka 1991. Ni vitabu vikubwa. Ni vifupi kwa kurasa lakini vizito, vimejaa wafu wanaosema, wanafalsafa waliozama katika mijadala isiyokoma, safari zisizo na ramani na matukio yanayokataa kufuatana, na wahakiki wameviweka katika kundi la uhalisiajabu, yaani uandishi unaochanganya ya kawaida na yasiyo ya kawaida bila kuomba radhi wala kutoa maelezo. Kumpa msomaji mpya Nagona kama mlango ni kumtisha, na mpendekezaji anayefanya hivyo, mara nyingi, hujipendekeza mwenyewe kuliko kitabu. Kisha msomaji akishindwa, anaongeza ushahidi kwa upande wa wale wanaosema riwaya za Kiswahili za aina hii hazisomeki. Kezilahabi aje baadaye, na ajapo, asomwe kama ndoto inavyootwa, kwa kuruhusu picha moja izae nyingine; anayesoma huku akitafuta jibu la mtihani atatoka mikono mitupu.

Mapendekezo mazuri huanza na kile ambacho msomaji tayari anakipenda, na hapo wapendekezaji wa Kiswahili wana bahati ambayo hawaitumii. Tanzania ina umati mkubwa wa wasomaji wa simulizi, zile hadithi za mfululizo zilizozoeleka kwanza katika magazeti ya udaku na sasa husomwa kwenye simu, sehemu baada ya sehemu, kila sehemu ikiishia mahali pa hatari na neno "itaendelea". Nyingi ni za majini wanaooa binadamu, misukule, mali za kuzimu na wachawi wanaoruka usiku. Wasomi huzibeza, na kweli nyingi zimeandikwa haraka haraka. Lakini mtu anayelipia sehemu ya arobaini ya kisa cha jini hahitaji kufundishwa fantasia ni nini. Anahitaji kuambiwa kwamba katika Adili na Nduguze kuna liwali mwema ambaye mjumbe wa mfalme anamgundua, usiku, akiwachapa manyani wawili, na kwamba sababu ya viboko hivyo haijulikani mpaka mfalme aidai. Kwamba manyani hao ni ndugu zake. Na kwamba njiani kuna mji mzima uliogeuzwa mawe. Wahakiki wameonyesha kwamba Shaaban Robert alijenga juu ya kisa cha Alfu Lela u Lela, na hilo halimpunguzii kitu. Msomaji wa simulizi akianza hapo, hatafunga kitabu.

Kwa huyo huyo, hatua inayofuata ni Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 2001, ambamo K, mkubwa aliyenona kwa ufisadi, anatembelewa na babu yake aliyekwisha kufa na kuburutwa katika safari asiyoitaka. Mzimu wa babu ni kitu ambacho msomaji wa pwani na wa bara anakifahamu kabla ya kufungua jalada. Kinachomshtua ni kwamba safari hii mzimu hautaki tambiko, unataka hesabu. Anayependa masimulizi ya safari ndefu ya kutafuta kitu, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa Tolkien, apewe Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila, ya mwaka 2002, ambamo mhusika anazunguka mabara akimfuata kiumbe anayeitwa P. P., naye si mwingine ila Peter Pan, yule mtoto asiyekua wa hadithi za Kiingereza, aliyegeuzwa humu kuwa bwana wa utandawazi. Ni kisasi cha fasihi chenye kuchekesha, na aliyemjua Peter Pan kwenye katuni atakicheka zaidi. Mwenye kupenda mabishano ya dini na falsafa aende kwa William Mkufya, Ziraili na Zirani, ya mwaka 1999, ingawa kitabu hiki kinataka msomaji mwenye kifua, kwani vita vyake vimefika mbinguni na kuzimu na mwandishi hamwonei haya mtu.

Mtu anaweza kuuliza, kwa haki, kama katika orodha hiyo yote kuna sayansi yoyote. Hapa dai lile linapata robo ya ukweli, na ni vema mwenye dai apewe haki yake. Chombo cha Dzombo hakielezwi kwa namna ya kumridhisha mwanafunzi wa fizikia; kinaruka kwa kuwa hadithi inataka kiruke. Riwaya ndefu ya Kiswahili inayochukua tatizo la kisayansi na kulifuata kwa ukali, kama Stanisław Lem alivyofanya kwa Kipolishi katika Solaris mwaka 1961 au Liu Cixin kwa Kichina katika The Three-Body Problem, haijapata nafasi yake kwenye rafu hiyo. Lakini mifano hiyo miwili inamrudi mwenye dai. Lem na Liu hawakuandika kwa Kiingereza. Riwaya ya Liu ilitoka kama kitabu China mwaka 2008 na ilisubiri hadi 2014 kupata tafsiri ya Kiingereza, na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo ya Hugo, iliyo kubwa kuliko zote katika tanzu hii. Wasomaji wao wa kwanza walikuwa wenyeji waliopendekezana vitabu vya lugha yao. Mwandishi wa Kiswahili atakayeandika riwaya ya namna hiyo atawategemea wasomaji waliokwisha kuambiwa kwamba rafu ipo, si waliofundishwa kuiruka.

Vitabu vya Kiingereza vina mahali pake, ila orodha ile ya kurithi ingefaa ifumuliwe. Haielekei kwamba Asimov wa miaka ya 1950, ambaye katika Foundation wanadamu wameijaza galaksi na bado wanawake hawaonekani kwa urahisi, ndiye anayepaswa kutangulia kwa msomaji wa Kisumu au Tanga. Ursula K. Le Guin aliandika A Wizard of Earthsea mwaka 1968, kabla ya mvulana wa Rowling kuzaliwa katika mawazo ya mtu yeyote, nayo ina shule ya wachawi, visiwa vinavyofikika kwa jahazi, na mhusika mkuu mwenye ngozi ya hudhurungi. Msomaji wa Lamu ataitambua bahari hiyo. Octavia Butler, katika Parable of the Sower ya mwaka 1993, alimwanzisha msichana wake katika Marekani inayoporomoka ya mwaka 2024, na sasa mwaka huo umekwisha kupita, kitabu kinasomeka kwa baridi ya ziada. Nnedi Okorafor, katika Binti ya mwaka 2015, anamtoa msichana wa Kihimba, mjuzi wa hesabu, na kumpeleka chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine, naye anasafiri na udongo mwekundu ambao watu wake hujipaka. Udongo huo, ambao abiria wenzake wanauonea kinyaa, ndio unaokuja kuponya majeraha ya maadui zake na kuwa njia ya mapatano. Ni kitabu chembamba, kinachosomeka kwa jioni mbili, na kina sayansi na mila katika sentensi moja bila kimoja kumwonea mwenzake haya.

Linabaki suala la duka, ambalo wapendekezaji wengi huliona dogo. Vitabu vya Shaaban Robert hupatikana, kwa kuwa shule huvihitaji na wachapishaji huvirudia. Walenisi, kinyume chake, msomaji anaweza kuitafuta kwa muda mrefu na kuishia kwenye nakala iliyochakaa ya maktaba ya chuo, na Mzingile haiko mbali na hali hiyo. Mpendekezaji anayetaja kitabu bila kusema kinapatikana wapi anamrudisha msomaji kwa Tolkien, ambaye yuko katika kila duka la uwanja wa ndege. Kwa hiyo anayependekeza Walenisi aseme pia ni maktaba ipi inayo, amwazime mwenzake nakala yake ikiwa anayo, na anapofika dukani aiulize kwa jina, tena na tena, kwa sababu wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam huhesabu maulizo kabla ya kuhesabu sifa.